i7 ya zamani au i5 mpya? Kompyuta ya kuhariri video za harusi

*Swali: Habari ya kazi, mtaalamu. Mimi ni mpiga picha na video za harusi, naishi Morogoro. Nina laptopu ya Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8. Imenilisha miaka mitatu. Mwaka huu nimenunua kamera ya Canon R6 ya mtumba na bado laptopu ilikuwa inajikongoja, kazi inatoka. Ila tangu rafiki anifundishe kurekodi kwa C-Log ili rangi zitoke vizuri, imekuwa kama imelogwa: kwenye Premiere, programu ninayohaririia, sauti inatangulia, picha inabaki nyuma. Nimeamua kuunga kompyuta ya mezani. Nina shilingi milioni 2.5, monita ninayo. Muuzaji mmoja Kariakoo amenipa orodha: i7-4790, bodi ya H81, RAM GB 16 za DDR3, kadi ya GTX 1050 Ti, SSD ya GB 256, diski ya TB 1, powa saplai ya wati 600 na kasha lenye mataa. Anasema i7 ndiyo ya watu wa video. Rafiki yangu anasema nichukue Ryzen 5 5600. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema i5-12400F. Mimi ninavyojua i7 ni kubwa kuliko i5, tena hiyo i7 ina GHz 3.6, hiyo i5 ina 2.5 tu. Nimsikilize nani? Na je, niunge mwenyewe au nimwachie fundi?*

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Katika maelezo yako yote kuna maneno matatu yaliyonifanya niweke kikombe cha chai chini: "tangu anifundishe C-Log". Wengi huniandikia wakisema tu kompyuta ni nzito. Wewe umetaja siku ugonjwa ulipoanza, na siku hiyo inaeleza karibu kila kitu.

C-Log ni namna ya kurekodi picha iliyofifia ili rangi uzirekebishe baadaye. R6 ikiwa haijawashwa C-Log inarekodi kwa mfumo wa kushindilia video uitwao H.264, biti 8 (ndizo hupima hatua za rangi), na 4:2:0 (kiasi cha taarifa za rangi zinazohifadhiwa). Ukiwasha C-Log, kamera inahamia H.265, biti 10, 4:2:2, wala haikuulizi. Kwenye kadi ya memori zote utaziona ni faili za MP4, zinafanana kama mapacha, lakini kwa kompyuta ni mizigo miwili tofauti kabisa.

Fikiria belo la mtumba linavyofika. Nguo zimeshindiliwa kwa mashine mpaka zikawa tofali. Kulibeba ni rahisi, kazi ni kulifungua. Video nayo imeshindiliwa. Faili haliweki picha 25 kamili kwa kila sekunde. Linaweka picha moja nzima, kisha linaandika tu kilichobadilika katika zinazofuata. Ukisimamisha mshale katikati ya taimlaini, kompyuta inalazimika kurudi kwenye picha nzima iliyo karibu, ijenge zote za kati mpaka ifike pale ulipo. Picha moja ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8. Kwa picha 25 kila sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 200 za kukunjuliwa kila sekunde, kabla hujaweka hata jina la bwana harusi. H.265 inashindilia kuliko H.264, biti 10 zinaongeza uzito, na 4:2:2 inabeba taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0.

Sasa hapa ndipo wauzaji wengi wanapopitwa. Kazi ya kukunjua video kwa kawaida haifanywi na prosesa (ubongo wa kompyuta, ndizo hizo i5, i7 na Ryzen) kwa nguvu zake za jumla. Ndani ya chipu ya grafiki kuna kijisehemu maalumu kilichochongwa kwa kazi hiyo tu, na kinaifanya bila kutoa jasho. Ila kinajua aina za belo kilizofundishwa kiwandani, basi. Ukikiletea aina kisichoijua, kinakaa pembeni, na mzigo wote unaangukia viini vya prosesa. Laptopu yako ya kizazi cha 6 inaijua H.264 ya biti 8, ndiyo maana mlikuwa mnaelewana. Inaijua pia H.265 ya biti 8. Ya biti 10, 4:2:2, haijawahi kuiona.

Tuitazame orodha ya muuzaji kwa macho hayo. Grafiki za ndani za i7-4790 hazikunjui H.265 ya biti 10. GTX 1050 Ti inaijua H.265 ya biti 10, lakini ya 4:2:0, siyo 4:2:2. Maana yake, ungelipa hela zote hizo, ukabeba kasha lenye mataa mpaka Morogoro, ukafungua faili la C-Log, na picha ingebaki nyuma ya sauti kama unavyoiona sasa. Pengine kidogo nafuu, kwa sababu i7 hiyo ina misuli kuliko laptopu, lakini ugonjwa ni uleule. Simwiti tapeli. Anauza alichonacho, na alichonacho ni vifaa vilivyokuwa vizuri sana mwaka 2014.

Nije kwenye i7 na i5, maana hili limewagharimu watu wengi. Herufi na namba ya mwanzo, i3, i5, i7, ni cheo ndani ya kizazi kimoja. Sajini wa leo na kapteni wa miaka kumi iliyopita huwalinganishi kwa nyota za begani. Namba inayofuata ndiyo inayotaja kizazi: kwenye i7-4790 ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha 4, kwenye i5-12400 ile 12 ni kizazi cha 12. Kati yao kuna karibu miaka minane. i7-4790 ina viini 4 vinavyobeba nyuzi 8 za kazi. i5-12400, iliyotoka Januari 2022, ina viini 6 na nyuzi 12. "i5 ndogo" ina viini vingi kuliko "i7 kubwa", na kila kimoja kina kasi kuliko cha mwenzake.

Utasema, mbona GHz ni 2.5 kwa 3.6? Kwanza, 2.5 ni mwendo wa chini ulioandikwa kwenye boksi. Kazi ikija inapanda mpaka 4.4. Lakini hata bila hilo, GHz hazipimi kazi. Nenda kwa fundi cherehani. GHz ni idadi ya mara anazokanyaga pedali kwa dakika. Haikuambii kila mkanyago unatoa mishono mingapi. Cherehani ya kisasa inatoa mishono mingi zaidi kwa mkanyago mmoja. Intel waliuza Pentium 4 ya GHz 3.8 mwishoni mwa mwaka 2004, na leo hakuna mtu angeipeleka hata kwenye duka la stesheneri kuchapa barua. Ukisikia mtu anauza kompyuta kwa kutaja GHz peke yake, jua bado yuko mwaka huo.

Na kwa kuwa tumeshaingia kwa fundi cherehani, tumalizie hapohapo. Pini alizobana mdomoni ni kashe, memori ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Meza ya kukatia ni RAM. Kabati la vitambaa ni SSD au diski. Pini zikiwa mdomoni mkono haupotezi muda. Meza ikiwa ndogo, kila mara anaondoa kitambaa kimoja ili kiingie kingine, na hapo fundi hodari anaonekana mvivu. Lakini meza kubwa kupita kiasi haimfanyi ashone haraka. Inabaki tupu tu. Ndiyo maana kumwekea prosesa dhaifu RAM GB 64 ni kazi bure, na kuinyima prosesa nzuri ukaipa GB 8 ni kuitesa.

Kwa Premiere, Adobe wenyewe wanashauri RAM GB 16 kwa video za HD na GB 32 au zaidi kwa 4K. Bodi ya H81 ya muuzaji wako ina nafasi mbili za RAM na mwisho wake ni GB 16. Yaani ungeinunua ikiwa tayari imegota ukutani. Ongeza na hili: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi Intel ya chini ya kizazi cha 8. Kuna njia za kuilazimisha, vijana wanazijua, lakini sikushauri kujenga ofisi mpya juu ya ujanja.

Basi mdogo wako na rafiki yako. Wote wawili wamekuambia kitu kizuri, ila kila mmoja amekosea jambo moja tu.

Mdogo wako amekosea kwenye F. Kwa Intel, F mwishoni maana yake grafiki za ndani zimezimwa kiwandani. Kwa mtu wa gemu anayeweka kadi kubwa ya grafiki hilo si tatizo, anaokoa fedha kidogo na maisha yanaendelea. Kwako wewe ni kukata tawi ulilokalia. Grafiki za ndani za i5-12400, bila F, zina kile kijisehemu cha kukunjua video ambacho Intel wanakiita Quick Sync, na kuanzia kizazi cha 11 kinaijua H.265 ya biti 10, 4:2:2. Ndiyo hasa belo la R6 yako. Chipu ndogo isiyo na sifa mtaani inafanya kazi ambayo kadi nyingi za NVIDIA zilizotangulia haziiwezi: kwa upande wa NVIDIA, ni kadi za RTX 50, zilizoanza kutoka 2025, ndizo za kwanza kuikunjua 4:2:2. Herufi moja kwenye boksi, ndugu yangu. Isome mara mbili kabla ya kutoa hela.

Rafiki yako na Ryzen 5 5600: prosesa nzuri, viini 6, nyuzi 12, wati 65, kashe ya MB 32, na kwa nguvu za jumla inakaribiana na i5-12400. Lakini haina grafiki za ndani kabisa, kwa hiyo bila kadi huoni hata Windows ikiwaka. Ukiiwekea kadi ya zamani unarudi kwenye kidonda chetu. Ukiiwekea RTX 5060 unapona, tena vizuri, lakini kadi hiyo pekee ilizinduliwa kwa dola 299 huko Marekani, kabla ya meli, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa milioni 2.5 itakula nafasi ya RAM na SSD. Kama ungekuwa na milioni 4, mjadala ungekuwa mwingine, na pengine mimi na rafiki yako tungekubaliana. Kuna pia mtu atakayekuambia uende moja kwa moja kwenye soketi mpya (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya AM5 na Ryzen 5 7600, kwa sababu AMD wameahidi kuihudumia soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. Ni hoja ya kweli: LGA1700, soketi ya i5-12400, imefika mwisho wake, mbele yake kuna kizazi cha 13 na 14 tu. Ila grafiki ndogo za ndani za 7600 nazo hazikunjui 4:2:2, na AM5 inataka DDR5 peke yake. Bei za memori zilipanda vibaya duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na huu si wakati wa kununua memori kwa mbwembwe. Sote tunailipia hiyo akili mnemba, hata tusiyoitumia.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: i5-12400 isiyo na F. Bodi ya B660 au B760 inayotumia DDR4. Kampuni nyingi huandika D4 au DDR4 kwenye jina la bodi. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, haziingiliani hata ukisukuma kwa goti. Bodi ya H610 ina bei ya chini zaidi na prosesa itafanya kazi, ila ina nafasi mbili tu za RAM. Ichukue ikiwa bajeti imebana kweli. RAM GB 32, ziwe mbili za GB 16, siyo moja ya 32. Kila kijiti cha DDR4-3200 kwenye njia yake kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vinapitisha maradufu. Grafiki za ndani hazina memori yao, zinakopa kwenye hiyohiyo RAM, kwa hiyo njia ya pili kwako si pambo. Fedha isipotosha, anza na mbili za GB 8, uache nafasi mbili za baadaye.

Watu watakuambia uruke kizazi cha 13 au 14 ili uwe wa kisasa. i5-14400 ni nzuri, ukiipata kwa bei ya karibu ichukue. Ila ujue kuwa mwaka 2024 Intel walikiri baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo viwili zilikuwa zinajiharibu kwa volti kupanda kupita kiasi. Wakatoa marekebisho kupitia BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya bodi, na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Ukinunua ya vizazi hivyo, hasa i7 na i9 za mtumba, BIOS iwe mpya kabla ya kitu kingine chochote. Kizazi cha 12 hakikuguswa na balaa hilo.

Kwenye uhifadhi nataka ukae kidogo, maana orodha ya Kariakoo ilikupa SSD ya GB 256. R6 kwenye C-Log, 4K, picha 25 kwa sekunde, inaandika takribani megabiti 170 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, ni kama MB 21 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja zinafika GB 76 hivi. Rekodi ya saa nne, yaani kuanzia kupambwa kwa bibi harusi mpaka keki, ni zaidi ya GB 300. Harusi moja haiingii kwenye hiyo SSD hata kabla hujaweka Windows. Chukua NVMe, yaani SSD ya kasi inayochomekwa kwenye bodi, ya TB 1 kwa Windows na kazi iliyo mezani, na diski ya kawaida ya TB 2 au zaidi kwa kazi zilizokwisha. Ukiona hesabu hiyo ya MB 21, utagundua jambo jingine: diski haikuwa mchawi wako. Hata diski ya kuzunguka inatoa zaidi ya MB 100 kwa sekunde. Nimewaona watu wakibadilisha SSD mara mbili wakitafuta dawa ya ugonjwa ulioko kwenye kukunjua.

Powa saplai. Hapa sina utani. Wati 600 kwenye kibandiko siyo wati 600. Geuza boksi la chuma, soma jedwali, tafuta mstari wa +12V na amperi zake, zidisha kwa 12. Kompyuta ya leo inakula karibu umeme wake wote kwenye mstari huo. Niliwahi kushika moja imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa za dhahabu, +12V ikiwa amperi 18. Kumi na nane mara 12 ni 216. Hizo nyingine sijui zilikuwa za nini. Kwa kompyuta hii bila kadi ya grafiki hutahitaji hata wati 200, lakini nunua ya 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme), ili siku ukiongeza kadi usianze upya. Iwe inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Zile zenye swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230, mtu akigusa vibaya unasikia mlio mmoja tu na harufu.

Kasha lenye mataa ni hiari yako. Mimi ningetafuta lenye matundu mbele na feni mbili. Vumbi na joto havijali rangi za taa. Na kabla ya kasha, tenga fedha ya UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Siyo ili ufanye kazi gizani saa nzima, ni dakika tano za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika faili la mradi likiwa linaandikwa, linaweza lisifunguke tena.

Kadi ya grafiki acha kwanza. Najua inauma, kompyuta ya video bila kadi inaonekana kama pilau bila nyama. Lakini kukata, kupanga, kurekebisha rangi za kawaida na kutoa video ya mwisho kutakwenda. Utakapoanza kuweka madoido mazito au kusafisha chengachenga za ukumbi wenye giza, hapo utaiona haja, na utanunua ukiwa na fedha ya harusi mbili tatu. Siku hiyo usiruhusu grafiki za ndani zizimwe: kwenye BIOS hakikisha zimebaki wazi hata kadi ikiwepo, na kwenye mipangilio ya Premiere, upande wa Media, weka tiki kwenye Intel pale penye kukunjua kwa maunzi. Wengi hufunga kadi, Quick Sync inalala, halafu wanashangaa kompyuta imerudi nyuma baada ya kuongezewa nguvu.

Ukikutana na GTX 1050 Ti ya bei ya kutupa popote pale, angalia nyuma. Ikiwa ina tundu la VGA, lile la bluu la pini 15, weka chini uondoke. Kadi za kizazi hicho za NVIDIA hazitoi mawimbi ya VGA. Hiyo ni kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani ya programu yake.

Lakini nitakuwa nimekukosea nisipokuambia njia mbili ambazo hazihitaji milioni hata moja. Ya kwanza, zima C-Log kwa kazi za kawaida. Picha zinarudi H.264 ya biti 8, laptopu yako inarudi kuwa rafiki. Utapoteza nafasi kwenye rangi, hasa gauni jeupe kwenye jua la saa saba, lakini wateja wengi wa send-off hawatajua. Ya pili, tengeneza nakala nyepesi, zile Premiere inaziita proksi. Usiku unaiacha laptopu itengeneze nakala ndogo za kila faili, asubuhi unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Ni polepole, itapiga kelele usiku kucha, ila inafanya kazi. Kama bajeti yako ya milioni 2.5 ni ada ya mtoto iliyozungushwa kidogo, anza na njia hizi, ununue baada ya msimu.

Kuunga mwenyewe? Unaweza. Mtu anayesafisha kihisi cha kamera bila kutetemeka ana mkono wa kutosha. Kazi yenyewe ni mchana mmoja. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi, siyo kwenye prosesa, nyembamba kuliko unywele. Ishushe prosesa wima, pembetatu ya dhahabu ielekee alama ya kwenye bodi, usisukume. Uliza dukani kama prosesa ni ya boksi au ya trei: ya boksi inakuja na feni, ya trei inakuja peke yake na utalazimika kununua feni na pesti ya kupitisha joto. RAM mbili kwenye bodi yenye nafasi nne huwekwa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Usisahau kebo ya pini 8 ya umeme wa prosesa, pale juu kushoto. Simu nyingi za "nimeunga haiwaki" ninazopokea, dawa ni hiyo kebo. Ikishawaka, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kutembea kwa mwendo wa chini na hutaambiwa.

Mpelekee fundi ukiona pini hata moja imelala, au kompyuta inawaka na kuzima kila sekunde chache baada ya kukagua kebo zote. Powa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita za ndani hubaki na chaji. Na ukigusa kasha likakutekenya vidole, hilo si la fundi wa kompyuta. Ndani ya kila powa saplai kuna kichujio kinachovujisha umeme kidogo kwenda kwenye kasha, na kazi ya waya wa ethi ni kuupeleka ardhini. Ukiusikia wewe, ethi ya nyumba haipo au imekatika. Mwite fundi umeme apime kabla hujachomeka kamera kwenye USB.

Jambo la mwisho kabla hujapanda basi. Chukua dakika mbili za C-Log kutoka kwenye R6 yako, ziweke kwenye flashi, uende nazo mfukoni. Duka lolote lenye kompyuta ya kizazi cha 12 isiyo na F na Premiere, omba wakufungulie faili hilo. Buruta mshale huku na huku, uangalie kama picha inafuata mkono. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.